Fundi Aliyeunda Mtumbwi Wangu

Mtumbwi wangu unaning'inia katika karakana ya baba, nje kidogo ya Ikonge, juu ya kilima cha majani chai ambako hata bata hana pa kuogelea. Umefungwa kwa kamba mbili kwenye boriti za paa, mdomo juu, na mama huweka ndani yake mahindi ya mbegu ili panya wasiyafikie. Kila ninapokwenda nyumbani lazima nipite chini yake ndipo nimfikie baba kwenye meza yake ya kazi. Mimi ni mtu wa maneno mengi, ofisini wananijua hivyo, lakini nikifika pale huinamisha kichwa na kunyamaza kama mtu aliyechelewa kuingia kanisani.

Nina aibu. Naona niseme hivyo mapema, maana nimesoma kumbukumbu nyingi za watu ambao aibu yao huja ukurasa wa mwisho, ikiwa imepakwa mafuta na kuvalishwa tai. Yangu haina tai.

Ilianza kwa majivuno. Tulikuwa wanne katika ofisi moja mjini Kisii, watu wa viti vya kuzunguka, na vitambi vilikuwa vimeanza kututangulia mlangoni. Tukaanza kupanda vilima siku za Jumapili. Kisha mwenzetu mmoja, aliyezaliwa kando ya ziwa na kujua maji kabla ya kujua kusoma, akasema kupanda tumepanda, sasa tushuke. Mpango wake ulikuwa tuteremke mto Gucha kwa siku tatu, kuanzia bondeni chini ya Nyamarambe, tukilala kwenye mahema na kujipikia, mbali na simu za mabosi. Yeye angeazima mitumbwi miwili ya plastiki kwa jamaa zake: mmoja ungekuwa wa wale wenzetu wawili, mwingine wake na mizigo. Mimi nilitakiwa nikae mbele yake, juu ya gunia la viazi.

Nilipoiona mitumbwi hiyo kwenye picha nilicheka. Ilikuwa mipana, rangi ya machungwa iliyopauka, kama beseni la kuogea. Mwenzangu alinieleza bila kukasirika kwamba mtumbwi wa safari ya porini huchaguliwa kwa kazi: ubebe magunia, ugonge jiwe na kunyamaza, uwe na tumbo pana la kumsamehe mwanagenzi anapokosea. Aliniambia nisichague kwa macho. Nami nilikuwa nimeshachagua kwa macho, kwenye simu, nikitazama usiku na mchana video za watu wa nchi za baridi waliokuwa wakiteleza ziwani katika mitumbwi ya mbao, myembamba, inayong'aa kama kabati jipya. Wakati wa chai nikawatangazia wenzangu kwamba nitakuja na mtumbwi wangu mwenyewe, wa mbao, ulioundwa kwa mkono. Nina fundi wangu, nikasema.

Sikusema fundi huyo ni baba. Wakati huo niliona nimefupisha maneno tu. Lakini zamani kidogo, nilipoajiriwa, nilikuwa nimedokeza kwamba baba yangu ni mkandarasi Keroka, mwenye malori, na dokezo hilo lilikuwa limekaa ofisini miaka yote bila mtu wa kulihamisha.

Baba ni seremala. Anatengeneza vitanda, madirisha, paa na majeneza, na ni mzee wa kanisa la Sabato ambaye hajawahi kugonga msumari siku ya Jumamosi. Sisi watu wa vilimani tunajua maji ya mvua na ya kisima, si maji ya kukalia, na mtumbwi alikuwa hajaugusa maishani. Nilimwekea video. Alitazama mara moja, kisha akaniomba nisimamishe picha, akaupima mtumbwi kwenye kioo kwa ukucha wa kidole gumba, akaandika tarakimu kwenye ukuta wa karakana kwa penseli yake ya sikioni. Aliniuliza swali moja tu: hao watu wana nyumba? Nikamwambia wanazo. Akatikisa kichwa, akaanza kuchagua mbao.

Alichagua saipresi iliyokauka chini ya paa misimu miwili, akaipasua vipande vyembamba, upana wa vidole viwili. Alikata maumbo tisa ya mbao, akayasimamisha kwenye mstari, makubwa katikati na madogo mwishoni, yawe mbavu za kulazia vile vipande. Vilivyokataa kupinda alivipika kwa mvuke kwenye sufuria kubwa ya mama, ile ya kupikia chai ya matanga. Hakuwa na vibano vya kutosha, kwa hiyo alikatakata tyubu za baiskeli na kufunga kila kipande kwa mwenzake hadi gundi ikauke. Jirani mmoja alipoliona umbo hilo refu lisilo na kifuniko, alivua kofia akauliza kwa upole ni nani aliyetutoka. Baba akamjibu kwamba hakuna aliyekufa, ni kijana wake anataka kwenda kulala porini. Jirani akasema pole vilevile.

Kila Ijumaa jua likielekea kuzama aliufunika mtumbwi kwa shuka, asije akaona kasoro siku ya Sabato akashindwa kujizuia. Mama alinung'unika kwamba yeye mwenyewe hajawahi kufunikwa hivyo. Mimi nilikuwa nikija Jumapili kushika upande wa pili wa mbao na kupiga msasa. Zilikuwa siku nzuri, na ninazikumbuka kwa uchungu, maana tulikuwa tukifanya kazi bega kwa bega bila kuongea na sikumwonea haya hata kidogo. Hakuna mtu wa ofisini aliyekuwa akituangalia.

Tuligombana mara moja. Baba alitaka kupanua tumbo la mtumbwi. Alisema kitu cha kubeba mtu lazima kikae kama ng'ombe aliyelala. Mimi nikasema la, upana utaua sura, nikamwonyesha tena video. Aliufanya mwembamba kama nilivyotaka. Ulipokwisha kupakwa vanishi, akaniambia jambo lake.

"Siku ya kwanza mtoni nitakaa ndani," alisema. "Nataka nijue panapolia."

Hilo ndilo pekee alilowahi kuniomba kwa kazi ile yote. Nililielewa, kwa sababu ni utaratibu wake. Kitanda hakitoki kwake kabla hajakikalia, wala paa halikabidhiwi kabla hajalitembea juu kutoka ukingo hadi ukingo. Kila kitu kinachotoka mkononi mwake lazima kibebe mwili wake kwanza, isipokuwa majeneza. Angepanda nami hadi kwenye daraja la chini, mwendo wa asubuhi moja, kisha angerudi kwa gari. Nilisema ndiyo, na moyoni nikawa natafuta namna ya kusema hapana.

Hapa lazima nieleze mila yetu moja, kwa sababu bila hiyo sitaeleweka. Tunaiita chinsoni. Ni heshima kati ya kizazi cha baba na kizazi cha mwana: mtoto wa kiume akishatahiriwa, yeye na baba yake hawavuliani nguo, hawaogi mahali pamoja, na hakuna anayeketi kitandani kwa mwenzake. Uchi wa baba ni kitu ambacho mwana hatakiwi kukiona, na akikaribia kukiona anageuza uso. Hatufundishwi kwa maneno, tunakua nayo tu. Baba hajavaa kaptura mbele yangu tangu nilipotoka jandoni.

Kwa hiyo Jumapili ile alikuja mtoni amevaa suruali nzito ya sufu, koti la suti ya zamani, na gambuti nyeusi zilizobandikwa kiraka cha baiskeli kwenye kidole gumba. Tuliubeba mtumbwi kutoka kwenye pikapu hadi majini kupitia shamba la miwa, mimi mbele, yeye nyuma. Wenzangu watatu walikuwa wamefika, wamevaa jaketi okozi na miwani ya jua. Waliusifu mtumbwi sana, wakaupapasa. Kisha yule wa ziwani akauliza, kwa adabu tu, mzee ni nani.

"Huyu ni fundi," nilisema. "Ndiye aliyeuunda."

Baba alikuwa bado ameshika mkia wa mtumbwi. Aliutua taratibu kwenye nyasi, akajifuta kiganja kwenye koti, akawapa mkono mmoja mmoja. Kiswahili chake ni cha kuongea na wageni.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ndio fundi ya hii kitu."

Ningeweza kurekebisha hapo hapo. Lilikuwa jambo la kucheka tu, kumpiga mtu bega na kusema natania, huyu ni mzee wangu. Nikaangalia kiraka cha gambuti, nikakumbuka malori ya Keroka, nikainama kuokota kafi.

Yule wa ziwani alivua jaketi lake okozi akamvalisha baba juu ya koti, kwa sababu mimi sikuwa nimeleta la pili. Nilijua kwa wiki kadhaa kwamba baba atapanda, na nilileta moja. Kisha akayaangalia yale mavazi akamwambia, mzee, hiyo suruali na gambuti vitakunywa maji, vua, mimi nina kaptura ya ziada. Baba alinitupia jicho mara moja, haraka, kisha akasema yuko sawa. Mwenzangu akanigeukia ili nimshawishi fundi wangu. Nilijua maji yakiingia ndani ya gambuti mtu anazama kama mfuko wa saruji, video zote zilisema hivyo. Nilijua pia kwa nini baba hawezi kuvua mbele yangu. Angeweza kupanda na mwenzangu kwenye mtumbwi mpana, huko angevaa kaptura na mimi nikatangulia, jambo likaisha. Lakini mtu angeuliza kwa nini. Nikasema mwacheni, amezoea.

Tulipanda, yeye mbele, mimi nyuma kwenye usukani. Kafi alilishika kwa namna anavyoshika randa, ila akivuta kuelekea kwake, na baada ya muda mfupi tulikuwa tukienda vizuri. Gucha ilikuwa imejaa na nyekundu kwa udongo. Nilimwona ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza mbao. Akapapasa ubavu wa mtumbwi kwa kiganja, akasema kwa Ekegusii, lugha yetu, pasipo kugeuka, kwamba haulii. Nilisikia furaha katika sauti yake na sikumjibu, kwa kuwa wenzangu walikuwa karibu.

Kwenye kona ya pili mto unabanwa na mawe. Yule wa ziwani, aliyekuwa ametangulia, aliinua kafi kutuonyesha tushike kushoto. Baba naye alisema, polepole, kushoto. Katikati palikuwa na ulimi wa maji laini unaoteremka kwa kasi, na nyuma yetu mwenzetu mmoja alikuwa ametoa simu anapiga picha. Nikashika katikati. Nikageuka kidogo kuangalia kama simu inanichukua. Mtumbwi mpana ungenisamehe, ule mwembamba nilioutaka mimi ukapinduka mara moja.

Najua kuogelea, nilijifunza kwenye bwawa la hoteli mjini. Nilipoibuka niliuona mtumbwi unaelea, nikaufuata. Naandika hivyo jinsi ilivyokuwa: niliufuata mtumbwi. Niliukamata, nikausukuma hadi kwenye mchanga, nikausimamia nikihema. Ndipo nilipomtafuta baba kwa macho.

Alikuwa ng'ambo kidogo, hatua labda kumi na tano kutoka kwangu, amekumbatia mzizi wa mti ukingoni, maji yakimfika kiunoni na kumvuta. Gambuti zilikuwa zimekwenda. Suruali yake ilikuwa imenasa kwenye tawi lililozama, na ili ajinasue alikuwa amefungua mkanda akaiacha. Niliiona ikipepea ndani ya maji mekundu, nikaelewa yukoje kuanzia kiunoni kwenda chini. Nikageuza uso. Mwili wangu uligeuka wenyewe, kama nilivyofunzwa, nikakaa nimeukabili ukingo nikiangalia mizizi ya nyasi.

Nikamsikia akiita. Hakuita kwa Ekegusii, na hakuniita mwanangu.

"Bosi," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida iliyokatika kwa baridi. "Bosi, saidia mimi."

Nilihitaji wiki nyingi kuelewa alichokuwa amenifanyia. Alikuwa akishikilia uongo wangu asiuangushe, hata akiwa majini. Na zaidi ya hapo alikuwa ananipa ruhusa. Kama yeye ni fundi na mimi ni bosi, hakuna baba pale wala mwana, hakuna mwiko, ningeweza kuingia nikamshika mkono bila kosa lolote. Alinifungulia mlango kwa kujivua ubaba, baada ya kuvua kila kitu kingine. Nami nilibaki nimeangalia nyasi. Aliita mara mbili.

Aliyekwenda ni yule wa ziwani. Alikuwa hana hata jaketi, maana alikuwa amempa yeye. Nilisikia maji yakirushwa, nikasikia anamwambia shika shingo yangu mzee, kisha kikohozi, kisha kishindo cha mtu kuketi ardhini. Nilingoja hadi nilipoambiwa wametoka salama. Baba alikuwa amefungwa taulo la mtu mwingine, chini amevaa ile kaptura aliyoikataa asubuhi. Magoti yake yalikuwa membamba na meupe kwa baridi, na ilikuwa mara ya kwanza kuyaona tangu nilipotoka jandoni.

Mwenzangu alinijia akidondosha maji. Aliniuliza kwa nini nilimpa mzee mgongo. Lilikuwa swali la haki, na jibu lilikuwepo: kwa mila yetu mwana hatazami uchi wa baba yake. Mtu yeyote wa Kisii angenielewa, labda hata angenionea huruma. Lakini ili niseme hivyo ilibidi niseme kwanza kwamba ni baba. Nikasema sijui kuogelea vizuri. Wote walikuwa wameniona nikikimbiza mtumbwi kama samaki.

Baba ndiye aliyenitetea. "Bosi aliumia mguu," alisema. "Mimi niliona." Mzee wa kanisa, mtu anayefunika kazi kwa shuka ili macho yake yasimkosee Mungu, alisema uongo kwa ajili yangu mchana kweupe huku akitetemeka.

Na mimi, baada ya hayo, niliendelea na safari. Dereva wa pikapu aliitwa akamrudisha. Baba aliniaga kwa kunitakia safari njema, akaniita bosi, nikamshukuru kama mtu anavyomshukuru fundi. Siku tatu zile hazikuwa mbaya. Tulilala porini, tukachemsha viazi, nikapigwa picha nyingi nikiwa peke yangu kwenye mtumbwi wa mbao unaong'aa, na picha hizo bado zimo kwenye simu yangu kwa sababu sijapata ujasiri wa kuzifuta wala kuzitazama.

Niliporudisha mtumbwi Ikonge, mama ndiye aliyekuwepo. Aliniambia baba alirudi amevaa kaptura ya mtu, akasema aliteleza akaanguka mtoni, basi. Akanipa kaptura ile ikiwa imefuliwa, imepigwa pasi na kufungwa kwa gazeti, nimrudishie mwenyewe. Jumatatu iliyofuata niliiweka kwenye meza ya mwenzangu wa ziwani. Nikamwambia, bila kumtazama, kwamba baba anamshukuru.

"Nilijua palepale mtoni," alisema. "Mnatembea sawasawa." Akaitia kaptura kwenye droo, na hajawahi kulirudia jambo hilo.

Kumbe kusema kwa mtu mwingine ni rahisi. Kwa baba nilipanga maneno miezi miwili. Nilinunua gambuti mpya nikampelekea, akazipokea kwa mikono miwili, akaziweka chini ya meza na hazijavaliwa hadi leo. Mara tatu nilifika karakana nikiwa tayari, na mara tatu nilikuta mtumbwi unaning'inia, umezibwa ufa ulioupata kwenye mawe ya mto, umepakwa vanishi upya, nikashindwa.

Mara ya nne nilikuwa nimeapa. Niliingia nikasimama chini ya mtumbwi, nikamwita baba kwa lugha yetu, "Tata, siku ile mtoni." Baba akaacha msumeno na kuniangalia. Kabla sijaongeza neno, mfanyabiashara wa mbao kutoka Keroka akapiga hodi akaingia, mtu mnene mwenye sauti, akatusalimu na macho yake yakapanda juu moja kwa moja. Alicheka, akauliza ni nani hapa kilimani anayemiliki kitu kama kile.

"Ni cha mteja mmoja wa mjini," baba alisema. "Aliondoka, hajarudi kukichukua."

Mfanyabiashara akaniangalia mimi, viatu vyangu vya ofisini, shati langu. "Ndiye huyu?"

"La," baba alisema. "Huyu ni mwanangu. Kifungua mimba wangu. Anafanya kazi Kisii."

Yule mtu alinipa mkono, nikaupokea. Baba aliinua ubao mrefu wa saipresi akaulaza mezani, akanionyesha kwa kidevu ule upande wa pili, kama alivyokuwa akinionyesha Jumapili zile. Nikavua koti nikaenda kuushika, naye akaanza kukata.